Mapigo ya Mashine ya Kapsoit

Tangu asubuhi chai ya Chelimo ilikuwa imepoa kikombeni bila kuguswa. Programu aliyoiandika ndiyo iliyopima majani ya chai katika kituo cha Kapsoit: mizani isome uzito, kamera ikague ubora, mkulima apewe risiti, lori liondoke. Lakini tangu baridi ianze, kila ikifika alasiri programu ilijikokota. Majani yalisubiri kwenye foleni, yakapata joto maguniani, yakawa mekundu, yakakataliwa. Hata ya mama yake, Eddah, yalikataliwa.

"Leo ikilala tena, tunarudia ile mizani ya zamani," Owiti, meneja wake, alikuwa amemwambia. "Na wewe utafute kwingine."

Sasa alikaa ofisini Kericho, akiichungulia mashine ya Kapsoit, ile kompyuta iliyoendesha programu yake, kupitia mtandao. Kodi, yale maandishi ya programu, alikuwa ameisoma hadi macho yakauma. Mwishowe aliweka kile ambacho watu wa kazi hiyo hukiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Ni programu za kuazima, na hii ilijua kusoma vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa, ubongo wa mashine. Prosesa hujihesabia kila kitu, mapigo yake na mara inazosubiri kumbukumbu, ila haimwambii asiyeuliza.

Chelimo aliomba Mungu kosa lisiwe lake, kisha akauliza. Kusubiri kumbukumbu kulikuwa kama kawaida. Kazi kwa kila pigo ilikuwa ileile ya asubuhi. Ila mapigo kwa sekunde yalikuwa yameshuka zaidi ya nusu. Basi kodi haikuwa na hatia. Prosesa ilijipunguzia mwendo yenyewe, kama inavyofanya ikizidiwa na joto. Joto gani, Kapsoit, mwezi wa saba? Hofu haikumtoka, ilihama tu.

Alichukua bodaboda hadi Kapsoit. Foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani, na mama yake alikuwemo. Chelimo alipita bila kusalimu mtu, akaingia ndani.

Mashine ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa kizito cha uzi wa sweta, chenye maua mekundu pembeni. Maua hayo aliyajua. Yalikuwa kwenye kitambaa cha kila kochi la kwao, kazi ya mama yake.

Alikivuta, hewa ya moto ikampiga usoni.

"Wacha, hiyo inasikia baridi!" Eddah alikuwa amemfuata hadi mlangoni. "Nilimwambia karani asitoe. Si ni kazi ya mtoto wangu?"

Watu wa nje wakijua ni nani aliyewaharibia majani, itakuwaje? Chelimo alitamani kudanganya. Eddah aligusa mashine, akarudisha mkono haraka. Maisha yake yote hakuwahi kushindilia majani guniani, kwani yakibanwa hupata joto na kuungua.

"Woi. Kumbe nimeishindilia," alisema polepole.

Mashine ilipopoa, mizani ilianza kutoa risiti, moja baada ya nyingine. Eddah alitoka nje kabla mtu hajauliza.

"Ni mimi nimewaharibia majani," aliiambia foleni. "Msilaumu msichana."

Chelimo alibaki ndani na kitambaa mikononi, bado kina joto, akilia.