Mheshimiwa Aliyeshika Simu

Wacha niseme mwenyewe kabla mtu mwingine hajawasimulia kwa ubaya: ndiyo, ni mimi. Yule mama wa ndizi aliyesimama mbele ya kaunti nzima na maiki mkono mmoja na simu mkono mwingine, ni mimi Nafula, na ile leso niliyovaa siku hiyo nilishampa dada yangu wa Nambale, kwa sababu kila nikiivaa kuna mtu ananiuliza kama mtandao uko sawa.

Mimi nauza ndizi za kupika hapa Busia, kwa lile soko letu la karibu na mpaka, mahali ambapo ukipiga chafya wenzetu wa Uganda wanakuambia pole. Ndizi zangu zinatoka huko kwao, na ndiyo maana simu yangu ina laini mbili, moja ya Kenya ya kuongea na watoto na ya pili ya Uganda ya kugombana na wanaoniletea mikungu michanga wakisema imekomaa. Karibu kila mama hapo sokoni ana laini mbili hivyo hivyo. Asiyekuwa na ya Uganda ni Amoit peke yake, kwa sababu Amoit hahitaji kumpigia mtu, yeye huvuka mwenyewe. Miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni lakini ana baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, anaingia Uganda asubuhi anarudi na nyanya zimejaa nyuma ya kiti, na mabega yake, jamani, hata wanaume wa kubeba magunia wanayaheshimu.

Sasa tukapata gavana mpya, na hata kabla hajaapishwa watu wake walikuja na futi ya kupimia na mkebe wa rangi nyekundu wakachora alama ya X kwa kila kibanda. Tulipouliza tukaambiwa utawala mpya unataka maendeleo, hapo patakuwa maegesho ya malori, na sisi tutahamishiwa kiwanja huko Alupe. Alupe! Mimi mwenye miguu miwili ningepanda pikipiki nilalamike tu, lakini Amoit kutoka mpakani hadi Alupe kwa mikono, na mzigo, na kile kilima, kila siku? Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba soko likihama yeye biashara imeisha, watoto watarudi nyumbani kutoka shule, basi. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie, kwa sababu ukimya wake ndio ulinifanya nikajifanya jemadari.

Gavana mteule hakuwa na sikio la kutusikia, lakini kuna mtu mmoja alituambia kwamba mpango wenyewe lazima upitishwe na bunge la kaunti, na kwamba kura zilikuwa zimekaribiana, MCA wetu, mwakilishi wa wadi yetu huko bungeni, akikataa unaweza kuanguka. MCA wetu! Si ndiye tulimchezea ngoma za kampeni hadi viatu vikakatika? Tukaenda ofisini kwake, askari wa getini akatuambia Mheshimiwa yuko kwa semina Mombasa. Tukarudi wiki iliyofuata, bado yuko kwa semina (hiyo semina hata digrii haichukui muda hivyo). Basi tukaketi sokoni tukiwa tumeishiwa na maneno, ndipo mimi, mdomo wangu usio na breki, nikasimama juu ya kreti nikasema, "Kwani shida iko wapi? Tulimpigia kura, sasa tumpigie simu."

Akina mama walipiga vigelegele mpaka polisi wa mpakani wakaja kuangalia. Papo hapo nikafanywa msimamizi wa simu. Mpango ulikuwa rahisi: kila saa mama mmoja ampigie, kwa heshima, amweleze shida, mpaka siku ya mkutano wa wananchi kutoa maoni kabla bunge la kaunti halijapiga kura.

Lakini nilikuwa na siri ndogo. Mheshimiwa alikuwa ameniblock. Tangu achaguliwe nilikuwa namtumia neno la Mungu na picha ya maua kila alfajiri, na jioni namkumbusha kile choo cha soko alichoahidi, na kumbe mtu anaweza kuchoka na neno la Mungu. Namba yangu ya Kenya haikuwa inaingia tena. Nikajiambia, Nafula, tumia laini ya Uganda, hiyo haijui. Na kwa sababu sikutaka waniulize kwa nini, nikawaambia wote watumie laini ya Uganda, eti ni mbinu, akiona namba ngeni atadhani ni mwekezaji. Kisha nikachukua kipande cha katoni nikainakili namba yake kwa kalamu ya wino mzito, sifuri saba na kuendelea, vile ilivyokuwa kwa karatasi zake za kampeni, nikaitundika kwa kibanda changu. (Mtu wa mpakani akifika hapa kwa hadithi tayari ameshashika kichwa. Ngoja, usinitangulie.)

Nikapiga wa kwanza. Ikashikwa kabla haijalia mara mbili, na hilo peke yake lingenifungua macho, tangu lini mheshimiwa akashika simu haraka hivyo. Nikamwita Mheshimiwa, akanyamaza kidogo (baadaye ndio nilijua alikuwa anaonja utamu wa hilo neno), halafu akasema, "Ndiyo nyabo, nakusikia." Sasa nyabo ni mama kwa Kiganda, lakini hapa kwetu hata mhubiri anakuita nyabo, sikushtuka. Nikamwambia tunakuomba soko letu lisihamishwe. Akakasirika kweli. Akaniuliza nani anataka kuhamisha soko bila yeye kujua. Nikasema si hawa wa utawala mpya, akasema, "Niachie mimi. Soko haliendi popote nikiwa hai."

Nyinyi, nilishuka kutoka kwa ile kreti kama malaika. Kuanzia siku hiyo akina mama walipiga kwa zamu na kila mmoja alirudi na hadithi tamu zaidi. Mmoja alisema ameulizwa mvua imenyesha vipi upande wetu. Mwingine, Achieno, alikuwa na mtoto anayekohoa, Mheshimiwa akamwombea kwa simu mpaka salio likaisha. Tukaanza kusema huyu mtu tulimkosea, kumbe ana roho safi, ni wale wa ofisini tu wanaomharibia jina. Nami nilijipiga kifua mpaka kikauma. Nikatembea soko zima nikisema kazi imekwisha, rangi ya X tutaifuta kwa sabuni.

Ni Amoit tu aliyekuwa anapiga na laini yake ya Kenya, na kila siku alisema hashikiwi, inalia tu mpaka inakata. Nikamwambia pengine ana sauti ya kudai deni hata kabla hajaongea. Wenzangu walicheka, yeye akarudi kupanga nyanya.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watu wa utawala mpya walikuwa mbele na suti zao na ramani ya malori, na Mheshimiwa wetu kando yao, amenona na semina. Alipopewa nafasi akasimama akasema yeye ni sauti ya wananchi, na kwamba wananchi wa wadi yake hawana malalamiko yoyote, hata simu moja hajapata kutoka sokoni, kwa hivyo anaunga mkono soko lihame.

Damu ilinipanda kichwani. Sijui nilifikaje mbele, nasikia nilimkanyaga chifu. Nikachukua maiki nikamwambia asimame aseme ukweli, kwamba aliniahidi mimi mwenyewe, na akamwombea mtoto wa Achieno, sasa leo mbele ya suti anatugeuka? Akasema, "Mama, mimi hata sikujui." (Uongo, huwezi kublock mtu usiyemjua.) Nikasema vizuri, ukumbi mzima utakuwa shahidi, nampigia sasa hivi na simu italia kwa mfuko wake. Nikaweka spika, nikaisogeza maiki kwa simu, watu wakanyoosha shingo.

Kwa mfuko wa Mheshimiwa hakukulia kitu. Lakini kwa spika za ukumbi ikaja sauti ya furaha, "Halo nyabo! Leo mmechelewa, nilianza kuwa na wasiwasi."

Nikamtazama Mheshimiwa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Nikauliza, "Mheshimiwa, uko wapi?"

"Niko shambani, napalilia muhogo."

Kicheko kilianzia nyuma, polepole, kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Nikamuuliza yeye ni nani basi, na yule mzee, kwa adabu zote, akajieleza kwamba ni mwenyekiti wa kijiji huko karibu na Tororo, na kwamba soko lao dogo linakaa kila Jumatano, na tangu tuanze kumpigia ameitisha mikutano miwili ya kijiji na amemfukuza mtu wa ushuru, na sasa yeye mzee anaanza kufikiri huyo mtu hakuwa na kosa. Akauliza, "Kwani nyinyi mnaongea juu ya soko gani?"

Hapo ndipo ile katoni ilinijia mbele ya macho. Namba za Kenya zinaanza na sifuri saba, na za Uganda zinaanza na sifuri saba, na mtoto yeyote wa Busia au Malaba anajua kwamba ukipiga Kenya kwa laini ya Uganda lazima utangulize mbili tano nne, la sivyo simu inaingia kwa mtu wa Uganda mwenye namba hiyo hiyo. Mimi nimekuwa na laini mbili tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni. Niliomba ardhi ipasuke inimeze, ikakataa. Watu walikuwa wanalala juu ya viti kwa kucheka, wale wa suti walikuwa wanashikana mabega, na Mheshimiwa ndiye alicheka kuliko wote, akatoa kitambaa akajifuta machozi akasema, "Basi mama, huyo ndiye mwakilishi wenu. Mwambieni awajengee na choo." Nikaona kibanda changu kinaenda. Nikaona na cha Amoit kinaenda, na mimi ndiye nimekisukuma.

Sasa katikati ya hayo makelele ikaanza kulia simu. Kwaya, sauti ya juu, aleluya nyingi. Ilikuwa inatoka kwa koti la Mheshimiwa. Naye, kwa kuzoea tu, bila kufikiria, akaitoa, akaiangalia, akaikata, akairudisha mfukoni akiendelea kucheka. Halafu akaona kwamba anacheka peke yake.

Amoit alikuwa pale kati ya viti kwa baiskeli yake, simu bado iko sikioni. Hakuhitaji maiki.

"Mheshimiwa," akasema, "yule mzee wa Uganda hatukumpigia kura, na alishika kila siku. Wewe tulikupigia, na umenikata nikikuangalia."

Ukumbi haukucheka tena. Akina mama wakaanza kutoa simu zao moja moja, sasa wakichagua laini ya Kenya, na ile kwaya ikalia ikakatwa, ikalia ikakatwa, hadi mtu wa suti aliyekuwa karibu naye akasogeza kiti chake kando kidogo. Mheshimiwa alijaribu kuizima simu, akabonyeza pasipo, kwaya ikapanda sauti zaidi. Na mimi nilikuwa bado nimeshika maiki, na yule mzee wa muhogo alikuwa bado hajakata, akawa anauliza kwa spika, "Nyabo? Nyabo, soko limepona?"

Siku ya kura kwenye bunge la kaunti Mheshimiwa wetu alisimama akapinga, jasho likimtoka, na mpango ukaanguka ukarudishwa kwa kamati. Wanasema utawala mpya utauleta tena ukiwa na jina lingine. Kwa sasa tupo.

Mimi nilivuka nikaenda kumwomba yule mwenyekiti msamaha na mkungu wa ndizi (ndiyo, nilimpelekea mtu wa Uganda ndizi za Uganda, akili ilikuwa bado haijarudi). Hakuwa na kinyongo. Alisikitika tu kwamba simu yake siku hizi imenyamaza sana, akaniomba nikipata nafasi nimpigie hata bila shida.

Nimechekwa na makanga wa matatu, nimechekwa na kasisi, nimechekwa na mume wangu akiwa usingizini. Mwanzoni nilikuwa nafikiria nihamie kule ziwani Sio Port nikaanike dagaa wa omena mahali hawanijui. Lakini juzi asubuhi nikiwa nimeinamia mikungu yangu Amoit alipita na nyanya zake, jasho linamtiririka, akaniambia nisogeze kreti, namzibia njia, kisha akaongeza kwamba afadhali kuzibiwa njia na Nafula hapa kuliko kupewa njia pana Alupe. Nilisogeza haraka, halafu nikajifanya natafuta kitu chini ya meza, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka aone.

Basi nimeapa. Wakiuleta tena ule mpango nitakuwa hapo mbele, nitapiga makofi mpaka viganja vife ganzi, lakini maiki ikinikaribia nitaishika kwa vidole viwili tu, niipeleke moja kwa moja kwa Amoit, nikae chini ninyamaze.