Nyuki Niliowaogesha

Juzi hapa Same nilimwona nyuki amejaa vumbi la njano, nikacheka peke yangu.

Kwetu Msangeni, nikiwa mtoto, mama alichemsha mwarobaini, ukanuka uchungu nyumba nzima, akatia sabuni. Dawa hiyo ilikuwa ya vidukari, wadudu waliofyonza mjakaranda wake, ipulizwe jioni nyuki wakisharudi mzingani. Mimi mchana nikaona nyuki wachafu mauani, tena wanaimba! Nikawaogesha kwa kikombe cha dawa ile ya sabuni.

Wakaanguka.

"Mama, wamelala!"

"Umewalowesha, wewe! Lete kanga, haraka!"

Tuliwaanika juani, tukiwapulizia pumzi taratibu. Wengi wakaruka. Mmoja hakuamka. Nililia, mama akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanikabidhi bomba la dawa.

"Jioni utapuliza wewe. Sasa unajua kwa nini tunasubiri."