Kuta za Mwarandu

Pa, pa, pa: babu akipigapiga chokaa mbichi kwa ubao mpaka ikaze ukutani. Sauti hiyo ndiyo Mwarandu aliyobaki nayo. Kazi yenyewe hakuirithi. Yeye alishika saruji, inayokauka upesi na kung'aa. Kwa miaka thelathini, mtu wa Frere Town ambaye nyumba yake ya kale ya matumbawe ilianza kumeguka alimwita yeye aje kupiga plasta.

Mwezi huu wa tatu, masika yakinukia, alikuja Linda, msanifu majengo anayeziorodhesha nyumba hizo, akaomba fundi wa kumtembeza. Mwarandu alitangulia kifua mbele.

"Hii ilikuwa ya seremala wa misheni. Tazama mlango, mbao ni zile zile. Na ukuta huu ni kazi yangu."

Linda aliugonga kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama debe tupu. Akachokoa ufa kwa ufunguo, ukamwagika unga mweupe.

"Mawe haya hunywa maji, mzee. Chokaa huyaacha maji yatoke. Saruji huyafungia ndani, jiwe likaoza huku nje kunang'aa."

Nyumba ya pili, unga. Ya tatu, unga. Walipofika ya tano Mwarandu alikuwa bado anaeleza nani alijenga na nani alizaliwa humo, lakini aliyepiga plasta hakumtaja tena.

Ya sita ni ya Velma, mjane aliyemfundisha Mwarandu kusoma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na huyu binti? Usiniambie umeoa tena, na yule wa kwanza hujaweza kumlisha!"

Linda alicheka, akaeleza kwamba anaziorodhesha nyumba za kale. Velma akamshika mkono. "Andika, mwanangu, ukuta wangu umetengenezwa na huyu. Darasani alikuwa mzito huyu, wallahi hata jina lake lilimshinda. Lakini mikono! Mvua ngapi zimepita, sijaona hata tone."

Linda alimtazama Mwarandu, kisha akatoka kupiga picha za madirisha.

Velma alipokwenda kuandaa chai, Mwarandu aliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani, mto ukiugusa. Aligonga ukuta juu ya mto: ulilia tupu. Akapandisha mkono. Karibu na dari plasta ilikuwa imevimba, na alipoiegemezea kiganja ilicheza. Angeweza kusema nyumba imezeeka. Mwalimu angeamini, angeamini chochote kutoka kwake. Na kesho watu wangeendelea kumwita.

"Mbona unaupapasa kama mgonjwa?" Velma aliuliza toka mlangoni. "Chai inapoa."

Mwarandu alishika mguu wa kitanda, akaanza kukivuta kuelekea katikati ya chumba.

"We! Wafanyani?"

Hakugeuka kumtazama.

"Usilale hapa tena, Mwalimu," alisema, sauti chini kabisa. "Ukuta huu nimeuua mimi."