Vitufe Viwili Gizani

Tulimwita Popo, na jina lenyewe nililitoa mimi. Mtu gani mwenye akili zake anapenda kushinda gizani mchana kutwa, na nje jua linawaka bure? Yeye alipenda. Kiwanda chetu kinatengeneza tepe zinazong'aa gizani, zile zinazobandikwa kwenye ngazi za majengo marefu ili umeme ukikatika watu waone pa kukanyaga. Kazi ya Popo ilikuwa kukokotoa jinsi zinavyofifia: taa ikizimwa utepe unaanza na mwanga kiasi gani, unapungua kwa kasi gani, na ukishazeeka ukutani utabakiwa na nguvu gani. Kazi yangu mimi ilikuwa kukaa naye humo chumbani, kupima, na kubishana naye.

Kuta za chumba kile ni nyeusi tii, hakina dirisha wala tundu. Kuna viti viwili, utepe ukutani mbele yetu, na kipima mwanga kwenye kistuli chake. Kipima kingetosha, lakini Popo hakukubali. “Mashine haishuki ngazi, dada,” alikuwa akisema. “Wanaoshuka ni watu.” Kwa hiyo kila mmoja wetu alishika kitufe kisicho na mlio, ili mwenzake asimwige. Ukiona utepe umekwenda, yaani huuoni tena, unabonyeza, na kompyuta inaweka alama. Miaka yote hiyo vidole vyetu vilikwenda pamoja. Bosi akatutania kwamba tuoane. Nikamwambia mume ninaye, na fujo zake zinanitosha.

Mwanga huo una tabia yake. Mwanzoni unaporomoka, hata unasema huu hautafika mbali. Kisha unapunguza mwendo, unajikokota, unajikokota, na hauishi. Hesabu za wengine zilikuwa zikikosea hapo kwenye mkia. Za Popo zilikuwa zinaufuata hadi mwisho, na aliupenda mkia ule kama mtu anavyompenda mtoto mbishi. “Uone unavyong'ang'ania,” ananiambia gizani, na sauti yake inacheka.

Basi vidole vikaanza kuachana. Yeye akawa anabonyeza kabla yangu. Mwanzoni kidogo tu, tukafanya mzaha. Akaniambia nina uroho wa macho, naona hata visivyokuwepo. Nikamwambia yeye ana haraka ya chai. Lakini pengo likazidi kukua, na Popo akaamua kwamba rangi mpya iliyoletwa ni mbovu. Akarekebisha hesabu yake ifuate anachokiona, akagombana na mtu wa stoo, akakataa mzigo mzima. Kipima kilisema rangi ni nzima. Akasema kipima nacho kinaumwa, kipelekwe kikakaguliwe.

Siku hizo alikuwa na kisa cha kutuchekesha mezani. Alikuwa amembandikia binti yake nyota dari nzima ya chumba, za rangi yetu hiyohiyo. “Mwongo yule mtoto!” anasema huku anapasua mkate. “Kila nikimlaza ananiambia baba, zinawaka, nihesabie. Nyota zimezimika zamani! Anataka tu nisitoke.” Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe.

Kipima kikarudi. Kizima, hakina hata mafua. Siku hiyohiyo Popo akaingia chumba cha giza mbele yangu, akakigonga kistuli alichokipita maisha yake yote, kipima kikadondoka. Akamfokea mfagizi eti amehamisha vitu. Mfagizi wa watu alikuwa hajaingia humo hata mara moja. Kistuli kilikuwa palepale. Mimi nikasimama mlangoni, na hapo nikaelewa kwamba kosa halikuwa la rangi.

Bosi naye hakuwa mjinga. Akatuma watu wakae na vitufe: karani, mlinzi, hata yule mtu wa stoo aliyetukanwa. Wote wakabonyeza karibu na mimi. Popo peke yake ndiye aliyekuwa kule mbele. Aliitazama grafu ya vidole vyetu. Akavua koti la kazi, akalikunja, akaniomba nimsindikize kwa daktari wa macho.

Daktari alizungumza vizuri, sina la kumlaumu. Ugonjwa wa kurithi, akasema. Unaanza kwa kukunyima kuona gizani, kisha unakula pembeni, kisha unaelekea katikati. Dawa hakuna. Popo akauliza swali moja tu: “Kwa kasi gani?” Daktari akasema kila mtu na wake, hakuna awezaye kumwambia. Jamani, mtu aliyeweza kukuambia utepe utakuwaje yeye mwenyewe akiwa kaburini, eti akae tu angoje! Na utepe ukiuweka chini ya taa unajaa tena. Macho yake tungeyaweka chini ya taa gani?

Kiwandani watu wakaacha kumwita Popo. Ghafla akawa “bwana” na “ndugu yetu”, kwa sauti za chini. Akakasirika. “Nimekufa? Niiteni jina langu!” Nikamwita.

Kabla hajahamishiwa ofisini, aliomba tufanye kipimo kimoja cha mwisho, tuhakiki hesabu aliyoirudisha kama ilivyokuwa. Tukakaa kwenye viti vyetu. Nikazima taa. Safari hii hakushika kitufe.

Tulikaa. Utepe ukaporomoka, kisha ukaanza kujikokota. “Upo bado?” akauliza.

Ulikuwepo. Mstari wa kijani, mwembamba, umetulia. Na mimi, niliyewahi kumnunia mtu wiki nzima kwa kipimo kimoja cha kubahatisha, nikafungua mdomo nikasema: “Umekwenda, Popo. Hata mimi siuoni.”

“Mwongo mkubwa wewe,” akasema taratibu. “Kwa hesabu yangu utepe huu una safari ndefu bado.” Kisha akanipapasa bega, akanishika. “Na zile nyota za mtoto, nazo zilikuwa zinawaka, siyo?”

“Zilikuwa zinawaka.”

“Na mimi nikamwita mwongo.” Mkono wake ukawa mzito begani kwangu. “Haya, niambie huu ukoje. Ukizimika kweli, uniambie. Usinionee huruma.”

Nikamwambia ulivyo. Nikamwambia umefifia, ila haujakatika. Nikajitahidi nisipepese, nimwangalilie mpaka mwisho, angalau hilo. Lakini machozi yakanijaa, yakatiririka, na mbele yangu pakawa ukungu mtupu.

“Bado upo?” akauliza.

“Sijui, mdogo wangu,” nikamwambia. “Haki ya Mungu, sijui.”