Nilipokuwa Mdomo wa Cucu

Juzi nilimsindikiza jirani yangu hadi hospitalini Nyeri. Mumewe amepigwa na kiharusi na ulimi haumtii. Binti mmoja wa pale, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kusema upya, alituwekea mezani vitu vitatu tuchague: kadibodi yenye picha, ubao mdogo wa kuandikia, na simu ambayo ukiibonyeza inasema "naomba maji" kwa sauti ya mwanamke asiyejua kiu. Jirani alinigeukia mimi, kana kwamba ninajua. Basi, rafiki yangu, ninajua kidogo, ila sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Kwetu ni Mukurweini, ng'ambo ya soko la Gakindu, na ninayokusimulia ni ya mwanzo wa miaka ya sabini. Msimu wa kahawa uliponoga, kijiji kizima kilinuka maganda yaliyochacha, na mashine ya kiwanda ilinguruma kule mtoni mpaka giza likaingia. Sisi watoto tulichuma buni mpaka kucha zikawa nyeusi. Jioni tulichimbua nduma kwenye majivu ya jiko la Cucu, tukazila na chai ya maziwa iliyonuka moshi. Cucu, yaani nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa msemaji. Aliwasema kuku, aliisema mvua, na hata kasisi hakumwacha, ila yeye alimsema kwa heshima.

Mwezi wa kumi wa mwaka niliokuwa darasa la saba, alianguka katikati ya mikahawa, kikapu kikiwa bado kiunoni. Hospitali ilimrudisha akiwa na mkono mmoja uliokufa na sauti moja tu iliyobaki: awa. Hiyo awa ndiyo ilikuwa kila kitu. Mimi, niliyelala kwake tangu nilipoachishwa ziwa, niliielewa. Awa ndefu ilikuwa maji. Awa fupi yenye pumzi puani ilikuwa "mfukuze huyo kuku". Awa mbili zilizogongana zilikuwa mimi mwenyewe. Hakuna mwingine aliyezitofautisha, hata baba, na aliumia sana kwa hilo.

Wazee walisema ni haki nielewe, kwa kuwa nilipewa jina lake. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na akishaitwa hivyo, ni kama yule mwanamke amezaliwa tena. Baba hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, hata alipokuwa ananichapa. Kwa hiyo asubuhi wote walipokwenda shambani mimi niliachwa kitini kando ya kitanda chake, nimsemee kwa kila aliyekuja kumjulia hali. Mtihani wa darasa la saba niliufanya kwa ruhusa ya siku chache, kisha nikarudi kitini. Nilimpenda na nilimchoka, yote mawili kabla ya saa nne asubuhi.

Nitakuungamia jambo. Mtu akiwa mdomo wa mwingine, hujaribiwa. Cucu alisema awa, mimi nikasema, "Anataka nipewe sukari kidogo kwa uji." Alisema awa, mimi nikasema, "Ati leo nisiteke maji, nikae na yeye." Cucu alicheka kwa upande mmoja wa uso na kuniachilia. Lakini mama yangu hakuwa mjinga. Siku niliyotafsiri kwamba Cucu anataka nichinjiwe jogoo, alinitazama na kusema njia ya mwongo ni fupi. Tangu hapo kila neno langu lilipimwa.

Ndipo barua ikaja. Nilikuwa nimepita, na shule ya wasichana ya bweni upande wa Nyeri iliniita. Siku ya kuripoti ilikuwa imeandikwa, na asiyefika nafasi yake angepewa mwingine. Cucu aliposomewa barua alisema awa nyingi, machozi yakimtoka, na safari hii sikuongeza hata tone. "Anasema niende," nikawaambia.

Baba alikuna kichwa. "Maitu, hata jogoo ulisema ni yeye aliyemtaka."

"Ni kweli, Baba. Hii ni yeye."

"Sasa nikikupeleka bweni, nitakuwa nimepeleka mdomo wa mama yangu. Yeye atabaki na nini?"

Usiione hiyo kuwa hadithi ya baba mbaya. Hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililonifunga zaidi. Nililala kando ya Cucu nikimsikia anapumua, tukiwa wawili ndani ya kinywa kimoja kilichofungwa, na nikamchukia kwa usiku mmoja mzima.

Mwalimu wangu wa darasa la saba alisikia habari akaja na maarifa yake. Kwanza alileta kibao cha herufi. Cucu alikitazama kwa adabu, maana hakuwahi kusoma hata jina lake. Kisha akaleta picha alizokata kwenye magazeti: bomba la maji, kitanda chenye chandarua, mkate uliokatwa vipande. Cucu alizipitia kama mtu anayeoneshwa wageni wa watu wengine. Maji yake yalitoka mtoni, na chandarua hakuwahi kukiona. Mama akasema, "Mwalimu, huyu anajua vitu, hajui picha ya vitu." Akachukua ungo wake mzuri, ule tunaouita gitaruru, akaanza kuushonea vitu vyenyewe. Punje ya mahindi ilikuwa chakula. Kipande cha kibuyu kilikuwa maziwa, kifuniko cha chupa kilikuwa maji, na kipande cha blanketi kilikuwa baridi. Kitufe cha gauni lake kilikuwa yeye mama, buni kavu ilikuwa baba. Mwalimu alifunga kipande cha chaki pembeni bila kueleza ni cha nini. Mwishoni mama akashona shanga moja ya buluu, ya Cucu mwenyewe.

"Na yangu iko wapi?" niliuliza.

Mama alishangaa kweli. "Si ni hiyo? Nyinyi ni jina moja."

Jioni ile Cucu aligusa shanga, kisha chaki. Shanga, chaki. Kwangu hiyo ilikuwa: wewe, shule. Baba aliinama akatazama kwa makini, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi, kwa sababu mama yake alikuwa amemwambia kitu mwenyewe. "Anataka ile dawa yake nyeupe," alisema. Cucu alikuwa mtu wa kiungulia tangu zamani, na vidonge vyake vilikuwa vya ungaunga kama chaki. Kesho yake baba alitembea mpaka dukani akavileta. Cucu alimeza kimoja kwa kutokuamini. Aligusa tena shanga na chaki, akapewa cha pili. Mimi sikuthubutu kufungua mdomo, kwa kuwa ningesema nini ambacho si cha kujiombea?

Zikabaki siku tatu. Baba alipomletea kidonge cha asubuhi, Cucu alikitema. Akaishika ile shanga kwa mkono wake mzima, akavuta mpaka uzi ukakatika. Akanifungua kiganja, akaiweka ndani, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja. Kisha akajigonga kifua na kutikisa kichwa: si mimi. Akagusa chaki, akanisukuma mlangoni.

Baba alikaa chini pale pale. "Kumbe ni huyu mwingine," alisema. Kisha akamuuliza, "Na wewe, Mami, nani atakusemea?" Cucu alilaza kiganja chake juu ya ungo, akakiacha hapo.

Niliondoka na sanduku la bati kichwani, na sitakudanganya, nilikimbia. Muhula ule nililala kwa raha kuliko nilivyowahi kulala maishani.

Nilirudi mwezi wa nne. Nyumba ilikuwa na furaha. Cucu aligusa, baba akaitikia, wageni nao walikuwa wamejifunza, na kila mtu alinionesha jinsi mambo yalivyo rahisi sasa. Nilikaa kwenye kiti changu cha zamani nikamhadithia shule yote, nikasubiri zile awa mbili zinazogongana. Alinisikiliza akitabasamu, kisha akagusa kibuyu, nikamletea maziwa. Nikamwambia, "Cucu, ongea na mimi." Akafungua kinywa, akatafuta, akakifunga.

Nilimuuliza mama tangu lini hasemi awa. Alisema hakuwa ameligundua hilo. Hakuna aliyemkataza. Aliita awa, wakamletea ungo, na baada ya wiki chache akaacha kuita. Aliishi miaka mingine miwili na hakukosa maji wala blanketi hata siku moja, ila jina langu hakulisema tena.