Kiungo cha Mama Mshonaji

Kwa miaka miwili ya kwanza blogu yangu ilijibiwa neno moja tu: Amina. Kila juma niliandika tafakari ya ukurasa mmoja, nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Bunia saa ambazo betri ya sola imeshiba jua, na chini yake wasomaji waliandika Amina. Wengine waliandika Amina Muzee. Mmoja, nadhani alikuwa na haraka, aliandika Am.

Sikuwa na haki ya kulalamika. Nimefundisha wahubiri kwa zaidi ya miaka thelathini, na watu hawa ni sisi tuliowazoeza kuitikia hivyo. Lakini nilipostaafu, wengi niliowajua kule Djugu walikuwa wametawanywa na vita makambini na katika nyumba za ndugu, nami nilitamani kusikia sauti zao. Ibada haina nafasi ya mtu kusimama katikati ya mahubiri na kusema, kwetu haikuwa hivyo. Nilidhani blogu itakuwa nayo.

Binti yangu wa tatu, ambaye hufundisha informatiki, yaani kompyuta, katika shule ya sekondari, ndiye aliyenifungulia blogu hiyo. Nilipomweleza shida yangu alicheka.

"Papa, batu bataandika nini? Weye unamaliza yote. Ukisha kusema, hakubaki kitu."

"Basi niandike nusu?"

"Uwaulize ulizo. Na uwape kitu kidogo."

Hicho kitu kidogo kilikuwa kiungo. Alinieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wazito. Mtu anapoacha maoni kwenye blogu anaweza kuandika pia anwani ya ukurasa wake mwenyewe, na jina lake linakuwa mlango wa kwenda huko. Lakini blogu nyingi huweka kwenye mlango huo alama iliyofichika, inayoiambia mitambo ya kutafutia: msifuate, huyu simjui. Alama ikiondolewa, mtambo unapita mlangoni, unaukuta ukurasa wa yule mtu, na unahesabu kwamba mwenye blogu ameushuhudia. Ushuhuda ukiongezeka, ukurasa unapanda. Mtu akitafuta jambo linalofanana nao, unatokea juu.

Nilielewa mara moja, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote. Muumini akihama kanisa moja kwenda jingine hubeba barua ya utambulisho. Unaandika: dada huyu tunamjua, ni mwaminifu, mpokeeni. Unapiga muhuri. Nimeandika barua nyingi za kwenda Komanda, Nyankunde, hata Kisangani, wala sikumwandikia mtu nisiyemjua. Nikamwambia binti yangu aiondoe ile alama, nami nitayasoma maoni yote kabla hayajatokea. Atakayeandika neno lenye uzito nitampa barua. Atakayeandika Amina nitamshukuru.

"Ni vile vile, Papa," alisema. "Lakini hii barua haina bahasha."

Nilidhani ananitania.

Tulipotangaza jambo hilo, wa kwanza kuja walikuwa wajanja. Mmoja aliisifu tafakari yangu juu ya uvumilivu kwa maneno matamu kuliko tafakari yenyewe, na kiungo chake kilikwenda kwenye kamari ya mpira. Hao niliwakataa. Kisha wakaja watu. Mchimba dhahabu mmoja, Mwislamu, aliandika jinsi anavyofunga Ramadhani akiwa chini ya ardhi, ambako hajui jua limezama mpaka waulizane kwa kamba na walio juu. Nilimwambia anastahili kiungo. Akajibu, "Sina ukurasa, Muzee. Barua yangu uniwekee, siku moja nitahama."

Nilifurahi sana siku zile. Nilijiona nimewafungua watu midomo.

Msimu wa mavuno niliandika juu ya sadaka ya malimbuko, na mwishoni nikauliza: kule kwenu, mliyatoa katika shamba gani, na mlipita njia ipi mpaka kanisani? Tajeni kila kitu, niliandika. Andikeni kwa urefu.

Aliyenitii alikuwa mama mmoja mjane anayesali pamoja nasi, mshonaji, aliyekimbia kijiji chake na kufikia kambi iliyo pembeni ya mji. Aliandika kwa simu kwa siku tatu. Alisema shamba lao lilianzia kwenye mikaratusi iliyopandwa na baba mkwe wake, likateremka mpaka mtoni, penye mawe mawili ambapo wanawake huloweka mihogo, na ng'ambo ya mto lilikuwa la jirani. Alisema alibeba maharage ya kwanza kwenye ungo, akapita kwa mzee mmoja ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa safari, na mzee yule kila mwaka aliweka hindi moja juu ya maharage yake, akisema, ukifika mwambie Mungu kwamba hili si lako, ni langu.

Nilisoma maneno hayo nikalazimika kuvua miwani. Nikampa kiungo bila kufikiri mara mbili. Nilimjua, nilimjua tangu siku aliyofika na cherehani kichwani.

Ukurasa wake ulikuwa mdogo. Alitengenezewa na mgeni mmoja aliyekuja kuwafundisha wanawake ushonaji kwa miezi michache. Uliitwa kwa jina la kijiji chake, na ulikuwa na namba yake ya simu, na picha yake akiwa ameketi nyuma ya cherehani kando ya barabara. Jina la kijiji sitaliandika hapa.

Kila asubuhi baada ya sala nililiandika jina hilo kwenye simu nione. Mwanzoni ukurasa wake haukuonekana kabisa. Baadaye ukatokea chini sana, ukasogea, na mwezi wa pili ukawa wa kwanza. Wa pili ulikuwa wangu, wenye maneno yake. Nilimshukuru Mungu kwa kila hatua uliyopanda. Wateja walianza kumpigia. Kwaya moja ya Nyankunde, yenye watu waliotoka upande wake, ilimpa kazi ya kushona kanzu zote. Alikuja nyumbani kunisalimia akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni, akasema, "Muzee, weye ulinipandisha."

Mara ya pili alipokuja, hakuwa na futi shingoni. Alikataa kiti, kisha akakikalia.

"Muzee, kuko mutu ananipigia simu."

"Mteja?"

"Nilizani ni mteja. Lakini anajua jina ya bwana yangu marehemu. Anajua yale mawe mbili. Anauliza, ni weye ulisema shamba inafika mpaka ku mutoni? Akasema, picha yako tunaiona, mama. Nyuma yako kuko duka ya rangi ya kijani. Ile duka tunaijua."

"Alikutisha?"

"Hapana. Aliongea na heshima. Aliniita mama. Ndiyo ile inanitisha."

Sikujua mtu yule alikuwa nani, na mpaka leo sijui. Huenda ni mmoja wa wanaolima pale sasa, asiyependa mwenye shamba ajulikane. Huenda ni mtu anayetafuta kununua. Mama mshonaji hakutaka kubahatisha, na mimi sikuwa na haki ya kumwomba abahatishe. Nilimwambia nitafuta maneno yake siku ile ile.

"Futa," alisema. "Lakini unipe kwanza ku karatasi."

"Ya nini, mama?"

"Karatasi za shamba ziliungua na nyumba. Hakuna pahali pengine imeandikwa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeyahesabu maneno yake kuwa maoni mazuri, yenye uzito, mfano kwa wengine. Kumbe nilikuwa nimetundika hati yake ya pekee mahali ambapo kila mpita njia anaisoma.

Tulikwenda pamoja kwenye kibanda cha fotokopi. Zilitoka kurasa mbili. Mwenye kibanda aliuliza kama azivalishe plastiki, mama akasema hapana, plastiki haikunjiki. Alizikunja mara nne akaziweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Jioni binti yangu aliyafuta maoni na kiungo chake, nami nikalala nikiamini nimemaliza.

Asubuhi niliandika jina la kijiji. Ukurasa wa mama ulikuwa pale pale juu, na chini yake blogu yangu, na mstari uliokatika: shamba letu lilianzia kwenye mikaratusi.

"Tumefuta," nilimwambia binti yangu.

"Tumefuta kwetu. Mashine iko inakumbuka. Itasahau, lakini haisemi siku gani."

"Na ukurasa wake?"

Huo tulishindwa nao. Neno la siri alikuwa nalo yule mgeni, na mgeni alikwisha rudi kwao. Tulimwandikia mara tatu, tukapiga simu, na sauti ya mashine ikatuambia kitu kwa lugha yake. Binti yangu alijaza fomu ya kuomba ukurasa uondolewe. Tulijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Hatukujibiwa tena. Kisha tukagundua kwamba watu wa kwaya, kwa kuyapenda yale maneno, walikuwa wameyanakili na kuyabandika kwenye kurasa zao, pamoja na kiungo, ili kumsaidia mama yao.

Zamani niliwahi kumpa mtu barua ya utambulisho kimakosa. Nilipanda pikipiki mpaka Nyankunde, nikanywa chai na mchungaji wa huko, nikamweleza, naye akafungua saraka akanirudishia barua yangu. Nikaichana mbele yake. Safari hii nilimuuliza binti yangu niende kwa nani.

Simu ziliendelea, kwa heshima ile ile. Mama mshonaji alitoa laini kwenye simu yake akaivunja kwa meno, mbele yangu. Kisha akaniomba jambo moja la mwisho, barua ya kanisa, ya karatasi.

"Niandike unakwenda wapi?"

"Usiandike pahali. Nitajaza mimi."

Niliandika kwa mkono wangu kwamba dada huyu tunamjua, ni mwaminifu, mpokeeni. Nafasi ya mahali niliiacha tupu. Nilipiga muhuri. Cherehani ilifungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi, na yeye akakaa katikati, kati ya dereva na cherehani. Nilimwambia nitamtafuta mambo yakitulia.

"Usinitafute, Muzee," alisema, na alikuwa karibu kucheka. "Weye ukitafuta mutu, dunia yote inajua."

Dereva alicheka. Mimi nilicheka pia, kwa kuwa alistahili tucheke.

Baada ya hapo nilirudisha ile alama kwenye blogu nzima. Yule mchimba dhahabu bado huandika, ingawa hana anachopata. Wengine wamerudi kwenye Amina, nami namshukuru Mungu kwa kila Amina, maana haionyeshi njia ya nyumbani kwa mtu yeyote.

Lakini niliendelea kuandika jina la kijiji kila asubuhi. Nilikuwa nimeomba ukurasa upande, sasa niliomba ushuke. Juma la kwanza ulikuwa wa kwanza. Mwezi ukapita, bado wa kwanza. Siku moja ulikuwa wa tatu, nikaimba nikiwa peke yangu barazani. Kesho yake ulikuwa wa kwanza tena.

Binti yangu alinikuta.

"Papa, unafanya nini?"

"Naangalia kama umeshuka."

"Na ukiuona, unaubonyeza?"

"Naubonyeza, nione kama picha ingali pale."

Alikaa chini kando yangu. Alikichukua kitambaa cha miwani yangu akaanza kukikunja.

"Ile mashine inaangalia batu wanabonyeza wapi," alisema. "Kila asubuhi inaona mutu wa Bunia anautafuta na anaufungua. Labda ni weye unausukuma juu."

"Labda?"

"Sijui, Papa. Siye wote hatujui. Labda."

Tangu siku ile sijalitafuta jina hilo. Baada ya sala ya asubuhi naiweka simu kifudifudi mezani na kukaa na mikono yangu magotini. Sijui ukurasa uko wa ngapi. Sijui mama aliandika nini kwenye ile nafasi tupu, wala ni mchungaji gani aliyeisoma barua, kama ilisomwa. Namtaja mbele za Mungu kila siku, yeye na shamba lake mpaka mtoni, bila kutoa sauti.