Mchicha Ndani ya Kamba

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa huku kusini mwa Afrika, mama yangu alikuja kukaa nasi mtaa wa La Rochelle. Baba alikuwa amefariki, nyumba ya Tanga imebaki kubwa na kimya, nami niliapa kwamba mama hatalala tena peke yake. Kuapa kwenye simu ni rahisi. Chumba chetu cha uani kilikuwa kimoja, mimi mchana kutwa nilikuwa dukani nashona mapazia ya watu, na binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa anasikia Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Alimwita bibi yake Gogo, kama wenzake shuleni wanavyowaita bibi zao.

"Mimi gogo?" mama aliniuliza siku ya kwanza. "La kukalia au la kuchanja kuni?"

Alicheka siku hiyo. Baada ya majuma machache kicheko kikaisha. Mama alizoea kuamka na kazi: kufagia uwanja, kuchuma mboga, kubishana na muuza samaki. Hapa aliamka na televisheni ya lugha asizozijua. Akaanza kuniuliza basi la kurudi linaondoka lini. Liliondoka kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilimbunia sababu ya kutosafiri.

Binti yangu alikuwa darasa la saba, na sayansi ilikuwa imemteka. Mwalimu aliwaagiza kila mtoto atafute kipande cha ardhi, mita moja kila upande, akizungushie kamba na kukichunguza muhula mzima: nini kinaota, nani anakula nini, kipi kinaoza. Kipande chake kilikuwa nyuma ya chumba, pale tunapomwaga maji ya kusuuzia nguo. Mwenye nyumba alipokuja kufyeka majani, mtoto alisimama mbele ya kamba yake mpaka mzee wa watu akazunguka. Kwa hiyo nje ya kamba pakabaki vumbi, na ndani mchicha ukajiotea, mnene, laini, wa kutamanisha. Juu ya kitanda chake alibandika mchoro wenye mishale: jua kwenda kwenye majani, majani kwenda kwa kiwavi, kiwavi kwenda kwa ndege, na kila kinachokufa kwenda kwa minyoo.

"Na sisi tuko wapi hapo?" nilimuuliza.

"Sisi hatuko, Mama. Sisi tunaangalia tu."

Jumapili moja nilitoka kumpelekea mteja mapazia yake, nikapokewa mlangoni na harufu ya nazi. Mama alikuwa amepika mchicha. Nazi ilikuwa ya kopo, niliinunua dukani mtaa wa Mayfair nikaisahau kabatini. Alikuwa na uso ambao sikuuona tangu msiba. Tulikula sinia moja, mtoto akaongeza, akaongeza tena. Mama akamtazama anavyokula, akasema labda atakaa mpaka baridi iingie, aione hiyo baridi tunayomtishia nayo kila siku. Nilifurahi, nikamsogezea mboga iliyobaki.

Mtoto akanawa, akachukua rula yake, akatoka kwenda kupima. Akarudi akasimama mlangoni, akaniambia kwa Kiingereza chake.

"Eish, Mama. Gogo amepika projekti yangu." Akatafakari kidogo. "Na mimi nimekula."

Nilicheka, na laiti nisingecheka. Mama akauliza kuna nini, nikamweleza: kamba ile ni ya shule, na mchicha ule ulikuwa wa kuchunguzwa, si wa chungu. Mama akainuka kunawa, akanawa muda mrefu.

"Mimi nilijua umenipandia," akasema. "Nimeona kamba, nikasema mwanangu kanitengea bustani, kaona haya kuniambia."

Sikuwa nimempandia hata kitunguu, na roho iliniuma. Kesho yake asubuhi begi lake lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati, kanga zimekunjwa juu yake.

"Jumamosi hii," akasema. "Na usinitafutie sababu."

Juma hilo nilishona pazia zima kinyumenyume, nikalifumua nikimlaumu kila mtu. Mtoto naye alinuna akisubiri Alhamisi, siku ya somo la sayansi. Alhamisi jioni nilimkuta nyuma ya chumba na kamba mpya, anazungushia sehemu nyingine karibu na bomba, ambako mchicha mchanga ulikuwa umeanza kutoka. Aliniambia kwamba mwalimu hakukasirika. Aliuliza darasa zima nani kati yao hali mimea, na hakuna mkono ulioinuka. Kisha akamwagiza achunguze vipande viwili, kimoja kisichoguswa na kingine cha kuchumwa. Ila mchumaji awe yule yule mpaka muhula uishe.

Mtoto akaingia ndani, akamshika bibi yake mkono, akamtoa nje na ndara za bafuni. Mchicha wa Jumapili haukuwa umekufa. Mama hakuwa ameung'oa, alikata ncha tu kwa ukucha, na sasa kila pembe ya jani ilikuwa imeanza kutoa kichipukizi. Mtoto akanyoosha kidole kule kwenye bomba.

"Gogo. Hii yangu." Akakigeuzia kwenye kamba ya zamani. "Hii yako."

Alisema kwa Kiswahili, bila kunipitia mimi. Mama akaitazama kamba, akanitazama mimi. Akainama, akapapasa machipukizi kwa kidole kimoja.

"Bado machanga," akasema. "Mwambie tutachuma wiki ijayo, katikati ya wiki."

"Basi ni keshokutwa, Mama," nikamkumbusha, maana nilitaka kumsikia.

"Basi lipo kila Jumamosi," akasema. "Na mwambie ailegeze hiyo kamba, mguu wangu haupiti."